Shangazi, Niotee Ndoto

Kijiji cha Sangol, Hadong,
Gyeongsang Kusini,
Korea Kusini.

24 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Malsun,

Shikamoo. Mwaka Mpya wa mwezi umepita na sijakuinamia, basi pokea barua hii kana kwamba nimepiga magoti mbele yako na paji la uso limegusa sakafu. Magoti yako yanaendeleaje? Na baridi ya huko Dortmund imeanza kukuachia, au bado unalala na soksi mbili? Yale majani yetu ya mboga unayoyaotesha kwenye vyungu vya roshani, yamenusurika mwaka huu?

Sisi huku hatujambo. Ndivyo barua inavyotakiwa kusema, nami nimesema. Mama anakula, analala, na akiamka anamgombeza mbwa. Wifi Jeongim ni mzima. Kaka Gitae nitamfikia, kwa sababu yeye hasa ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe hukatiza na mimi hulia, na mwishowe tunaishia kuulizana habari za mvua. Barua huwezi kuikatiza.

Uliniuliza kama nimemaliza masomo. Karibu. Mwezi ujao natetea tasnifu yangu, na nikipita nitakuwa na Shahada ya Uzamili ya Afya ya Kimataifa. Hapa kijijini wameifupisha, wanaiita afya ya dunia. Nikipita tu na ndoo ya mabaki ya jikoni, Baba Mdogo Pansik ananiuliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, "Haya, Sohwa, dunia imeamkaje leo? Homa imeshuka?" Na mkewe anacheka hadi anashika ukuta.

Unajua kwamba wewe ndiye uliyenitia wazimu huu. Nilikuwa bado sekondari ulipokuja likizo ukaniambia, "Mimi maisha yangu yote nimeosha mgonjwa mmoja mmoja, na Wajerumani hawaishi. Wewe nenda ukaioshe dunia." Nilikuamini. Nilikwenda.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikienda Laos na kurudi, kwenye vijiji vilivyo kando ya Mekong. Kazi yangu ni minyoo wa ini. Wewe muuguzi huhitaji somo: wamo ndani ya samaki wa mtoni, na mtu akimla samaki huyo mbichi wanahamia kwenye mirija ya nyongo wakakaa humo miaka na miaka bila kubisha hodi, mpaka saratani inapokuja kubisha kwa niaba yao. Dawa yake ni vidonge vya siku moja. Tatizo ni kwamba lazima mtu kwanza akubali kuleta choo kwenye kikopo, na hakuna binadamu anayezaliwa na hamu hiyo.

Kule walileta. Walileta kwa sababu ya mkuu wao wa kijiji, Mzee Khamsing, ambaye asubuhi alishika kipaza sauti akaanza kuwataja watu kwa majina. "We Bounmi, kikopo chako kiko wapi? Juzi harusini umekula sahani tatu, leo unatuambia huna choo?" Kijiji kizima kikacheka, na Bounmi akaleta. Walileta mpaka wazee wasio na meno.

Jioni moja mzee huyo alinikaribisha wali wa kunata, akaniuliza, "Na baba yako, mwanangu, ameshapima?"

Nikamjibu, "Bado, mzee."

"Bado? Kwani kwenu hakuna mto?"

"Upo."

"Sasa umeurukaje mto wenu ukaja kwenye wetu?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu. Nilimwambia baba yangu ni mgumu, naye akacheka akasema baba wote ni wagumu, ndiyo maana Mungu akaumba vipaza sauti.

Sikuuruka mto wetu, Shangazi. Nilianzia hapo, na ninataka ulijue hilo kwa sababu najua kwenye simu umeambiwa vingine. Sikukuu ya mavuno, mwaka mmoja kabla baba hajaugua, nilikwenda kituo cha afya, ambako kipimo hicho ni bure kwa watu wa kando ya mto, nikachukua kikopo. Mchana huo baba, Gitae na Baba Mdogo walikuwa wametoka mtoni na ndoo ya samaki. Walikuwa wamekaa barazani, samaki amekatwa vipande vyembamba, bakuli la rojo la pilipili na siki katikati, pombe ya soju inapita. Nikangoja wamalize. Nikakiweka kikopo pembeni mwa baba, kwa mikono miwili, kwa adabu zote ulizonifunza.

Akakigeuzageuza. "Hiki cha nini?"

"Cha choo, baba. Kidogo tu, kama punje ya haragwe."

"Yaani nimekusomesha Seoul ili uje unikague choo?"

Baba Mdogo akadakia, "Mpe, kaka, mpe. Huenda kule Laos anakokwenda kimewaishia."

Walicheka mpaka machozi. Baba akajimiminia, akasema lile neno ambalo kila mwanamume wa mto huu hulisema, kwamba siki inaua minyoo na soju inamalizia. Kisha akasema, "Babu yako alikula samaki huyu mpaka siku ya kufa."

Nikamuuliza, "Na alikufa na nini, baba?"

"Uzee."

"Alikuwa na miaka hamsini na minne."

Mama akaniambia niingie ndani nikalete kabichi ya kimchi, wakati kimchi ilikuwa tele mezani. Kile kikopo mama alikitumia baadaye kuwekea vifungo vya nguo.

Huyo babu ni baba yako, Shangazi. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba alipokufa macho yake yalikuwa ya manjano, nawe ulikuwa binti mdogo ukadhani ni mwanga wa taa. Kwa hiyo usiniambie hukujua.

Macho ya baba yaligeuka msimu uliofuata, watu wakivuna mpunga. Kwanza walisema ni pombe. Kisha akaanza kujikuna mpaka akatoka damu. Tulipomfikisha hospitali kule Jinju, daktari alimuuliza swali moja tu la maana, kama anakula samaki wa mtoni wabichi. Baba akajibu, "Zamani kidogo." Alikuwa amekula wiki hiyo hiyo. Sisi wote tukaangalia sakafu, na hapo nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa anajua. Mengine unayajua. Hukuweza kuja kuzika kwa sababu ya magoti, na hakuna aliyekulaumu.

Nilirudi chuoni nikaendelea kuandika. Kwenye tasnifu nimesema, tena kwa michoro ya rangi, kwamba watu hawaachi chakula chao kwa sababu wameelezwa. Wanaacha kwa sababu mtu wanayemsikiliza amewaambia waache. Profesa wangu aliipenda sana sentensi hiyo, akaipigia mstari. Siku ya mazoezi ya kutetea akaongeza kwa fahari mbele ya wageni kwamba sisi Wakorea jambo hili tulishalimaliza kwetu, na sasa tunawagawia wenzetu uzoefu. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Baba alikuwa hajatimiza mwaka kaburini.

Sasa nakuja kwenye tambiko la wiki iliyopita, la kumkumbuka baba. Na hapa, Shangazi, nitasema wazi: nina hasira na wewe.

Siku moja kabla ulimpigia Gitae ukamwambia, "Mwekee baba yako samaki wa mtoni. Mbichi, kama alivyompenda. Ni mwaka wake wa kwanza, asije akarudi na njaa." Najua ulisema hivyo, kwa sababu Gitae aliyarudia maneno yako mbele ya watu kama askari aliyepewa amri. Siku hiyo hiyo akashuka mtoni na wavu.

Wewe umeshika maini ya watu wengine miaka arobaini. Unajua. Lakini ulipokikumbuka kijiji ukiwa kwenye baridi yako huko, ulikumbuka ladha tu.

Kabla ya tambiko nilimfuata Gitae jikoni. Nilisema naye kwa upole, Mungu ananiona. "Kaka, tumwekee. Marehemu haugui ini. Lakini tukimaliza, samaki tumwage, tule vingine."

Akanitazama kana kwamba nimemtemea baba mate. "Chakula cha tambiko kimwagwe? Hiyo umeisoma kitabu gani?"

"Kaka, baba kafa na nini?"

"Leo ni siku ya baba. Hiyo elimu yako iache mlangoni na viatu. Shangazi mwenyewe kasema."

Basi ikawa hivyo. Meza ikapangwa: wali, supu, mapeasi, tende, nyama, na katikati sahani ya samaki, bila pilipili, maana wafu hawapewi pilipili. Wanaume wakamimina pombe, wakainama. Tukazima taa kidogo ili baba ale. Nilisimama nyuma na wifi, nikawaza kwamba kama kweli yuko pale, anayejua kuliko sisi sote kilichomo kwenye sahani ile ni yeye.

Kisha ukaja wakati wa kula baraka. Unajua ulivyo, hakuna anayekataa chakula kilichoonjwa na marehemu, kwa sababu kukikataa ni kumkataa yeye. Baba Mdogo akala. Gitae akala, akala tena. Mama akala. Mimi nikawa nashughulika na sahani, nazitoa, nazirudisha, kama mtu mwenye kazi nyingi.

Mama akaniita. Alikuwa ameshika kipande kwa vijiti vyake, mkono wa pili umekinga chini. "Njoo ule, mwanangu. Baba yako ameshaonja. Usimfanye aondoke na kinyongo." Tangu baba afe mama hajamlisha mtu yeyote kwa mkono wake, hajamgusa mtu. Watu wote walikuwa wananitazama.

Nikafungua mdomo. Nikala, Shangazi. Samaki alikuwa mtamu, na hilo nalo linaniuma, kwamba alikuwa mtamu sana.

Gitae akapiga paja. "Mmeona? Daktari wa dunia kala!"

"Basi yamekwisha," akasema Baba Mdogo. "Mganga hajigangi, ila samaki hamkatai." Na wakajimiminia.

Miaka yangu yote ya kusoma, vijiji vyote vile, michoro yote ya rangi, imefutwa na kipande kimoja kilichotoka mkononi mwa mama. Tangu siku hiyo nikifungua tu mdomo kuhusu kipimo, wananijibu, "Si ulikula na wewe?" Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wetu tumemla angali mbichi, sasa tutamkunja lini?

Usihangaike juu yangu. Wakati wa kupima ukifika nitapima, na vidonge nitakunywa. Siandiki kwa ajili yangu.

Usiku ule tukiosha vyombo vya shaba, wifi Jeongim alifungua maji yakamwagika kwa kelele, kisha akanisogelea. "Wifi, nina neno. Usimwambie nimekuambia."

"Sema."

"Kaka yako anajishika ubavu. Huu, wa kulia. Akiamka anakaa kwanza kitandani, anapumua, ndipo anasimama. Nikimuuliza anasema ni magunia ya chai. Magunia gani, wifi, Februari? Chai hatujaanza kuchuma."

"Anajikuna?"

Akasugua sahani iliyokwisha takata. Kisha akasema, "Nilidhani ni sabuni mpya."

Sikulala. Asubuhi nilimkuta Gitae anaweka kuni, nikamtazama machoni mpaka akauliza nimepoteza nini usoni kwake. Kulikuwa na mawingu, sikuweza kujua kama yamegeuka manjano. Nikamwambia twende kituo cha afya, mimi na yeye, nitaleta kikopo changu na yeye alete chake, tuone nani ana minyoo wengi. Nilijaribu kumtania, kama Mzee Khamsing. Hakucheka. Alisema, "Baba alikwenda kupima, akafa. Asingekwenda, angekuwa bado anakula samaki wake."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia baba alikwenda kupima akiwa amekwiva kama boga. Akaweka shoka chini akaingia ndani, na tangu hapo hatusemi.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sikubali. Sikio la Gitae linasikia vizuri sana, ila linachagua sauti. Mimi ni mdogo wake, mwanamke, sijaolewa, nimesoma kupita kiasi. Hata nikija na joho na kofia ya mahafali atanituma maji. Lakini wewe ni dada mkubwa wa baba. Ulimwambia aweke samaki, akashuka mtoni siku hiyo hiyo. Neno lako ndilo lililoweka samaki mezani, basi neno lako liweke na vidonge.

Ila usimwambie mambo ya minyoo. Ukimwambia minyoo atajua ni mimi. Nitakuambia la kusema, na usinicheke.

Unakumbuka mwaka juzi Baba Mdogo alipoota babu analalamika maji yanamwingilia? Gitae hakumaliza hata kifungua kinywa. Alichukua koleo akapanda kilimani kwenye barafu, akachimba mfereji kuzunguka kaburi peke yake. Hakuuliza ushahidi wala hakutaka mchoro.

Kwa hiyo mpigie, mwambie umemwota baba. Mwambie amekaa kando ya mto, sahani ya samaki iko mbele yake, lakini haigusi. Amejishika ubavu wa kulia. Mwambie baba amesema hivi: "Gitae, samaki nimeshiba. Mwakani nipikie supu. Na huo ubavu nenda kaupime, huku sitaki mgeni."

Najua wewe ni mtu wa kanisa na uongo huupendi. Lakini si uongo, Shangazi. Mimi namwota hivyo hasa, si mara moja. Tatizo ni kwamba ndoto ya binti mdogo haina uzito nyumba hii. Nakupa yangu. Iote wewe.

Na mimi, baada ya haya, mwezi ujao nitasimama mbele ya maprofesa nieleze jinsi ya kuwafanya watu wa mto wakubali kupima. Wakiniuliza njia iliyofaa kwetu, sijui nitajibu nini. Kwenye tasnifu hakuna sura ya ndoto.

Msalimie Frau Lindner, jirani yako anayekununulia mkate, na yule paka wako asiye na shukrani. Mama anakusalimu, na wifi Jeongim anakusalimu ingawa hajui ninachokuandikia. Baba Mdogo naye angekusalimu kama ningemwambia. Mungu ayalainishe magoti yako, na akufikishe kwetu majira ya maua ya plamu ungali unaweza kupanda hadi kaburini kwa miguu yako. Ukija tutakula samaki. Nitampika mimi.

Wako akupendaye, hata leo nikiwa na hasira,

Sohwa

Nyongeza: Mpigie Jumapili, jioni ya huku, kabla hajaanza kunywa. Usianze na kipimo, anza na ndoto. Akikuuliza baba alikuwa amevaa nini, sema lile koti la kijani lenye zipu mbovu, alilolifunga kwa pini. Alilinunua mwaka wake wa mwisho, tukalichoma pamoja na nguo zake baada ya mazishi, na Gitae anajua kwamba wewe hukuwahi kuliona.